Vipindi Vilivyomezwa na Mvua

Karani wa shule ile aliitwa Bi Taipu na kila mtu, hata na mumewe. Jina lilimganda tangu siku za mashine ya chapa, ile iliyokuwa ikipiga kelele mpaka madarasa ya mbali yakajua ofisini kuna barua inaandikwa. Mashine ilishastaafu, kompyuta ikaja, ikaharibika, ikaja nyingine. Bi Taipu akabaki palepale, kwenye meza yake iliyotazama uwanja. Kwa miaka ishirini na sita alichapa mawazo ya watu wengine: taarifa za walimu wakuu watano, ripoti za wakaguzi, mihtasari ya vikao. Mafunzo, hata ya nusu siku, hakuwahi kupelekwa.

Basi asubuhi moja akafungua barua kutoka ofisi ya elimu. Kila shule ilitakiwa kuleta watu wawili kwenye mafunzo ya siku tatu, wajifunze kuandaa mpango wa kuboresha shule. Mipango itakayoonekana bora itapewa fedha katika awamu ya kwanza. Aliipeleka kwa Mwalimu Mkuu, kijana wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa na mwaka mmoja tu pale shuleni.

"Msaidizi wangu yuko likizo ya uzazi," Mwalimu Mkuu alisema akijikuna kidevu. Kisha akamtazama. "Bi Taipu, kwani wewe una kazi gani wiki ijayo?"

"Mimi, Mkuu? Nikafanye nini huko? Kuwachapia?"

"Ukajifunze, mama. Kama mimi."

Siku hiyo alifika nyumbani hata viatu hajavua, ameshamwambia mumewe habari yote mlangoni. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache na utani mwingi. Akaweka chini kibano chake.

"Sasa ukirudi nikuiteje? Mheshimiwa?"

"Niite vyovyote, lakini lile gauni la bluu nalipiga pasi sasa hivi."

"Mafunzo si wiki ijayo?"

"Ndiyo. Nataka lizoee."

Ukumbi wa mafunzo ulikuwa na viti vya plastiki na feni iliyozunguka kwa kujilazimisha. Mwezeshaji, mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kuamsha waliolala, aliandika ubaoni maswali mawili tu: Nini kinamzuia mtoto kujifunza? Na umejuaje?

"Msiniletee orodha ya mnavyovitamani," alisema. "Nileteeni jibu."

Watu waliinamia karatasi. Shule hii ikaandika uzio, ile ikaandika madawati. Mwalimu Mkuu akaandika kwa herufi kubwa: GETI JIPYA. Alikuwa na ndoto ya geti la chuma lenye jina la shule juu yake, na kwa kweli alikuwa ameshalichora.

Bi Taipu aliliangalia lile geti. Akauma ulimi. Mwisho akashindwa.

"Mkuu, samahani. Ni mvua."

"Mvua imefanyaje?"

"Ndiyo inayowazuia watoto. Yale madarasa manne ya wadogo hayana dari. Mvua ikishika bati, mwalimu hata apasuke koo hasikiki. Watoto wanakaa tu. Walimu wanakuja ofisini kwangu kusubiri iishe."

"Mara moja moja hiyo, Bi Taipu."

"Si mara moja moja. Kila kipindi kisichofundishwa nakiandika kwenye daftari la zamu, na sababu yake. Kila siku, Mkuu. Hakuna anayelisoma, lakini naandika."

Mwalimu Mkuu akaiweka kalamu chini. Alikuwa na kiburi kidogo cha ujana, lakini hakuwa mtu wa kukataa ushahidi. Mafunzo ya siku ya pili yalipokwisha saa nane mchana, wakaenda moja kwa moja shuleni, wakayatandaza madaftari ya miaka miwili mezani. Yeye akisoma, Bi Taipu akichora vijistari vya kuhesabia. 

Siku za mvua kubwa zilikuwa sitini na tatu. Kwa wastani kila darasa la wadogo lilikuwa limepoteza vipindi mia moja thelathini na moja. Ukivipanga kwa siku ya shule, ni mwezi mzima wa masomo.

"Mwezi mzima!" Mwalimu Mkuu alishika kichwa. "Na mimi nimekaa hapa nawauliza walimu wa darasa la pili kwa nini watoto hawajui kusoma." Akauchukua mchoro wa geti, akaukunja mara nne, akautia mfukoni. "Kesho utawasilisha wewe."

"Mimi? Mkuu, usinifanyie hivyo!"

"Daftari ni lako. Mimi nitashika karatasi."

Siku ya tatu walikuja maofisa wanne na kuketi mbele. Bi Taipu aliposimama, maneno yote aliyoyapanga yakampotea. Akafanya alilolijua: akafungua daftari, akasoma. Tarehe, darasa, kipindi, sababu. Tarehe, darasa, kipindi, sababu. Alipofika ukurasa wa tatu sauti ilikuwa imeshapanda.

Ofisa mmoja mwenye miwani puani akanyoosha kalamu. "Tutajuaje kama si uvivu wa walimu? Mvua ni kisingizio kizuri."

Watu wakaguna. Mwalimu Mkuu akataka kuinuka, lakini Bi Taipu alikuwa ameshafungua ukurasa mwingine.

"Swali zuri, mheshimiwa. Mwalimu wa hesabu wa darasa la tatu ndiye anayefundisha darasa la sita. Darasa la sita lina dari. Siku hii hapa, mvua ilinyesha asubuhi nzima. Darasa la tatu hakusikika, ameandikwa hakufundisha. Kipindi kilichofuata alivuka uwanja, akaloa, akafundisha darasa la sita mpaka kengele. Mtu mvivu haloi, mheshimiwa."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko na makofi. Ofisa mwenyewe akavua miwani, akacheka, akaandika kitu.

Wiki tano baadaye taarifa ilikuja. Bi Taipu ndiye aliyefungua bahasha, kama kawaida yake. Alishuka na kidole kwenye orodha ya shule, mstari kwa mstari, mpaka kidole kikasimama. Akasoma tena. Kisha, mwanamke wa miaka hamsini na nne, mwenye kisigino kibovu, akatoka mbio akikatiza uwanja, karatasi juu, mpaka dirisha la darasa la nne alikokuwa akifundisha Mwalimu Mkuu.

"Tumo! Mkuu, tumo!"

Watoto, bila kujua wamo wapi, wakashangilia kwa nguvu zote.

Haikuwa yote waliyoomba. Dari za madarasa mawili zingewekwa likizo iliyokaribia, mawili mengine awamu ya pili, na walimu wa wadogo wangepewa mafunzo ya kufundisha kusoma ili kufidia kilichopotea. Tangazo la wazazi aliliandika Bi Taipu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kumsomea maneno ya kuchapa. Alifuta mara sita kabla hajaridhika.

Alipokuwa akilibandika ukutani, simu ya ofisi ikalia. Ilikuwa ya yule mwezeshaji mrefu. Makarani wa shule tisa walihitaji kufundishwa namna ya kuweka daftari kama lile. Je, angekuja kuwafundisha?

Jioni hiyo mumewe alimkuta nyumbani amejaza meza ya chakula karatasi, rula mkononi, anapiga mistari.

"Kumbe sasa ni mwalimu," alisema alipoelezwa ile simu.

"Shika huku karatasi isiteleze," Bi Taipu alimjibu bila kuinua macho. "Na uniambie, safu ya sababu niiweke pana kiasi gani? Makarani tisa, mume wangu. Tisa!"