Usimwite Kila Mtu Bosi

Mie nauza magari Kinondoni, kwenye yadi ya kando ya barabara, na nauza vizuri. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu wenzangu waliodhani mwanamke ataishia kufuta vumbi na kuleta chai, siku hizi wanakuja kuniuliza, "Dada, hivi yule mteja ulimpataje?" Jamani, nilimsalimia tu.

Hapo huwa wananicheka. Wao, mtu hajamaliza kuvuka mtaro wameshamvamia: "Bosi! Karibu bosi! Unataka gani, bosi? Ipo!" Mtu kaja kununua gari, wao wanamkurupusha. Kila suruali kwao ni bosi, na kila mwanamke aliye karibu na suruali hiyo hawamwoni. Nimewaambia mpaka nimechoka: salimia wote. Mkubwa mpe shikamoo yake, na ungoje akuitikie. Watu wa pwani wakianza kuulizia habari za nyumbani na za watoto, jibu zote. Mie nimetoka bara, kwetu salamu ni fupi, lakini Dar imenifundisha kutulia. Na wakija wawili, ufunguo simpi mtu mkononi. Nauweka juu ya boneti, narudi nyuma. Wenyewe watajua nani auchukue.

Asubuhi moja, tukiwa tunamalizia kuosha magari, akaingia mzee na mkewe. Mzee alivaa shati lililopigwa pasi na kofia ya viua, mgongo umenyooka. Mama alivaa dera na mtandio, kamshika mumewe kiwiko. Nikawaamkia, kila mmoja na shikamoo yake. Mzee akanipa mkono, ukapita pembeni ya wangu. Nikausogeza wangu mpaka ikakutana, tukasalimiana vizuri tu. Akauliza habari za kazi, za nyumbani na za joto hili. Nikajibu moja moja, kisha nikamwekea kiti kivulini.

Mama akanifuata mpaka kwenye gari moja dogo jeupe. Akajifanya anakagua taa, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, macho yake hayaoni tena. Kaendesha malori maisha yake yote, anapakia Kurasini anakwenda Zambia, na mie nipo Temeke namngoja. Sasa leseni ninayo mie. Nimesoma na nimefaulu. Hili gari ni la kumtoa ndani, maana kupandishwa magari ya watu akiwa anaongozwa njia, hataki kabisa. Lakini hajawahi kutamka kwamba mie ndiye nitakayeendesha. Tumeshapita yadi nyingine. Wanamfungulia mlango wa dereva, bosi panda uwashe, naye anasema hili halijanipendeza, twende. Leo kaniambia hapa ndio mwisho. Tukitoka mikono mitupu, basi tena, hatoki nyumbani."

Moyo uliniuma, nisiseme uongo. Nikamwambia, "Mama, niachie mie."

Hata sijageuka vizuri, mwenzangu mmoja wa mauzo, yule mwenye maneno kuliko redio, keshamfikia mzee kivulini. "Bosi! Mbona umekaa? Gari lako hili hapa, panda uwashe mwenyewe usikie!" Kamwinua, kamvuta mpaka kwenye lile gari jeupe, kaufungua mlango wa kulia wazi. Mzee akasimama pale. Akaushika ukingo wa mlango. Nikaona uso wake unakaza, nikajua neno linalokuja ni "twende".

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Lakini nikimfokea mwenzangu pale, anayefedheheka ni mzee. Nikacheka kwa nguvu. "We kaka, huyu ni dereva wa malori, masafa marefu, unataka kumfundisha kuwasha gari? Hebu kamletee maji." Akaenda huku ananung'unika. Nikaufunga ule mlango bila haraka, nikamgeukia mzee.

"Baba, mie madereva wa masafa nawajua. Gari wanalisikiliza kwanza. Naomba unisikilizie hili, kisha uniambie ukweli."

Nikauweka ufunguo juu ya boneti. Niliugonga kidogo kwenye bati ili asikie ulipo, kisha nikarudi nyuma.

Mama hakusogea. Nilitamani kumkonyeza auchukue, nikajizuia, maana akiuchukua yeye atakuwa kamnyang'anya mumewe. Barabarani magari yanapiga honi, sisi watatu tumesimama tu. Mzee akanyoosha mkono, akapapasa bati, akaupata. Akaugeuzageuza vidoleni, akaufumbata kiganjani, na pale nikadhani tumeshaikosa biashara na zaidi ya biashara. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mama watoto, njoo uwashe."

Wee! Mama alikuja mbio, mtandio ukamwanguka begani na hakuujali. Akaupokea ufunguo, akakaa, injini ikawaka. Mzee akainamia boneti na kuinamisha kichwa upande, akasikiliza mpaka akaridhika. Kisha akafuata ubavu wa gari kwa kiganja, akafika mlango wa kushoto, akaufungua mwenyewe na kuingia. Mie nikarukia kiti cha nyuma.

Mama aliingia barabarani na woga wote wa mwanafunzi. Akakanyaga breki, tukarushwa mbele wote watatu.

"Aa, aa," mzee akasema. "Mguu mwepesi. Breki unaibembeleza."

Mbele kidogo bodaboda akatukatiza, mama akapiga yowe. Mzee alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Huyo usimwogope, mpigie honi. Piga tena!" Mama akapiga tena. Tulipofika kituo cha mafuta ili tugeuze, wameshaanza kubishana waende wapi kwanza. Mzee anataka Mbezi Luis, akampokee dada yake anayekuja na basi kutoka mkoani. Mama anataka Msasani, wakale samaki kama walivyokuwaga wakila zamani, kabla mzee hajaanza safari za mbali. Hakuna aliyenikumbuka huko nyuma, nami nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja. Anayesema muuzaji halii mbele ya mteja na aseme.

Tuliporudi, mwenzangu alikuwa anangoja getini na chupa ya maji mkononi. Gari halijasimama vizuri, keshafika dirisha la kushoto, meno yote nje.

"Bosi! Vipi, umelikubali gari?"

Mzee akaipokea ile chupa, akanywa taratibu, akafuta midomo. Kisha akamwelekezea kidole gumba upande wa kulia, alikokuwa mkewe, mikono yote miwili ikiwa bado kwenye usukani.

"Muulize dereva wangu," akasema.