Glavu Juu ya Baraka

Mpima vinasaba wa kliniki ya Kabati husugua viganja hadi vipate joto ndipo avae glavu, kisha hukisemesha kijiti cha pamba: "Twende polepole, mzee." Leo, kijiti kilipokaribia kinywa cha mtoto ili ijulikane kama amerithi selimundu, ugonjwa wa damu wa babake, nyanya ya mtoto, ambaye wote humwita Susu, yaani bibi, alikitemea mate ya baraka.

"Susu! Sasa tutakupima wewe badala ya mtoto!" mpimaji akamaka.

"Bila baraka, majibu mema yatatoka wapi?"

Mpimaji akafura, kisha akacheka hadi miwani ikateleza. Akakitupa kijiti, akavua glavu, akakunjua kiganja. "Basi nibariki mimi." Susu akatema. Naye, bila kujifuta, akavaa glavu mpya juu ya ile baraka, akachukua kijiti kingine.