Siku Tisini za Shangazi

Shangazi yangu, anayesomesha chuo cha Kurani cha wanawake pale Bagamoyo mjini na ambaye hajawahi kushika hata karata, alikuwa mcheza kasino kwa karibu mwaka mzima bila mwenyewe kujua. Kosa ni langu. Nilipohitaji laini mpya ya simu nilikuwa bado sijafuatilia kitambulisho changu, kwa uvivu tu, nikamwomba aniwekee alama ya kidole chake kwa msajili wa laini, isajiliwe kwa jina lake. Akaweka. Tangu hapo, wateja wangu wa viwanja vya Mapinga wakinitumia hela ya usumbufu, linatokea jina la bibi mwenye majina matatu ya heshima. Nawaambia huyo ni mkurugenzi.

Udalali una kungoja kwingi. Mteja anasema yupo Bunju, kumbe hajaoga. Katika kungoja huko nikaanza kucheza mchezo wa kindege kwenye kasino ya simu: kinapaa, hela yako inapanda nacho, na usipojitoa mapema kinatoweka na kila kitu. Nilijiunga kwa laini ileile, kwa hiyo kila nikifungua, kasino inamkaribisha shangazi kwa majina yake yote matatu.

Kasino yenyewe, niseme kweli, ilinizidi adabu. Kila nusu saa iliniletea ujumbe wa kunikumbusha muda niliocheza na kuniuliza kama sihitaji kupumzika. Niliufuta kama ninavyofukuza inzi. Kulikuwa na mahali pa kujiwekea ukomo wa hela ya kucheza kwa siku. Nikajiwekea, nikajisifu, na jioni yake nikaomba kuupandisha. Wakanijibu kwamba kuushusha ni papo hapo, kuupandisha ni mpaka kesho. Nilinuna kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Siku moja nilimwacha mteja, mtu mzima mwenye nia ya kununua, akizunguka peke yake vichakani kutafuta jiwe la mpaka, mimi nimekaa kwenye gari lake nahangaika na kindege. Alirudi suruali imejaa vishonanguo. Hakunifokea. Alinitazama kwa huruma, akaniteremsha barabarani, akaenda zake. Huruma ile iliniuma kuliko matusi. Nikabonyeza kitufe cha kujifungia nisicheze kwa wiki moja.

Hasira iliisha kesho yake, wiki haikuisha.

Ilipoisha nikakuta akaunti haifunguki yenyewe. Lazima mwenye jina apigiwe simu, aseme kwa kinywa chake kwamba anataka kurudi. Binti wa huduma kwa wateja akapiga, akaamkia shikamoo mama. Niliitikia marahaba kwa sauti nyembamba niliyoona inatosha kabisa. Kwa upole akasema atapiga tena kesho saa nne, na mama mwenyewe awe karibu na simu.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Bagamoyo na mananasi matatu ya Kiwangwa. Lilikuwa kosa jingine, maana shangazi akiniona na mananasi na si sikukuu anajua kuna jambo. Nilimwambia watu wa simu wanahakiki laini. Akiulizwa aseme tu ndiyo, wafungue. Akaanza kumenya nanasi. Nilijua vizuri ninachomwomba: mwanamke anayewafundisha wenzake kwamba kamari ni haramu airuhusu kamari kwa ulimi wake, ili mimi nirudi kwenye kindege. Niliona haya, ila si kiasi cha kuizima simu.

Ikaita, nikaweka spika. Binti aliamkia, akaeleza kila kitu polepole: kwamba akaunti ya kasino yenye jina lake ilifungwa kwa ombi lake, na kabla ya kuifungua angependa kujua hali yake, kama analala vizuri, kama nyumbani ana mtu wa kuzungumza naye. Lilipotajwa neno kasino, kisu kilisimama juu ya nanasi. Mimi nikatazama sakafu.

"Samahani mama, anayecheza ni wewe mwenyewe?"

Sijawahi kumsikia shangazi akisema uongo, na niliogopa kwamba leo angeusema kwa ajili yangu.

"Anacheza mwanangu," alisema. "Lakini jina ni langu, na aibu yake ni yangu. Tufungie sote, binti yangu. Na usitupe wiki, tupe muda mrefu kuliko wote mlio nao."

Akanikatia kipande cha nanasi, akanipa. Ningeshukuru zaidi kama angenisema.

Kitambulisho changu nilikifuatilia mwezi uleule, kwa bidii ya ajabu, na sitajidai kwamba sababu ilikuwa njema. Nilisajili laini yangu, nikajiunga na kasino nyingine. Laini ya shangazi ikabaki ya wateja. Juzi uliingia humo ujumbe wa kumpongeza, kwa majina yake yote matatu, kwa kutimiza siku tisini bila kucheza.

Nilikwenda kumsomea. Alicheka mpaka akashika ukuta, akauliza sasa pale chuoni atamwambia nani kwamba ameacha kamari. Kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Na wewe una siku ngapi?"

Ningeweza kusema tisini. Nikamwambia kumi na moja, tangu nilipojifungia kwa jina langu mwenyewe.

"Basi zikifika tisini," alisema, "njoo unisomee na zako."