Kifua cha Mdoli

Zubeda ni mkunga, na tangu nimjue ana tabia moja: huota macho wazi. Unamweleza jambo, anakutazama, anaitikia, kumbe yuko mbali. Pale mtaani Nyakabiga tunamtania kwamba salamu humfikia kesho yake.

Ndiye aliyechaguliwa kukagua mafunzo yetu sisi wauguzi tulio kazini. Cheti cha mafunzo hayo kinakubaliwa hapa Burundi, kinakubaliwa Uvira, hata Kigoma, lakini bila sahihi ya mkaguzi hakivuki mpaka. Lubna, binti wa jirani yake na muuguzi mwenzetu kwenye mafunzo, alikuwa anakisubiri kwa hamu. Zahanati moja ya Uvira ilimshikia kazi mpaka Jumatatu, basi.

Tulikuwa kwenye ukumbi wa Mutanga Nord, asubuhi, mapazia yakijaa upepo na kutulia. Mwalimu alikuwa mzee Népomuscène, aliyemfundisha Zubeda ukunga miaka ishirini na sita iliyopita. Mezani alilala mdoli wa plastiki, mfano wa mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Kila mmoja wetu alimwekea barakoa usoni, akaminya kifuko cha hewa, mwalimu akatangaza, "Mutoto amepumua!" Nasi tukapiga makofi ya mdundo, kama tunavyompongeza mtu siku zote. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Zubeda aliniambia baadaye kwamba makofi yale yalimpeleka mbali. Aliwaona watoto wote aliowapokea wakipita dirishani, miguu haigusi chini. Lubna alikuwemo, anapiga kelele. Wa nyuma walipita kimya. Ndipo akatazama kifua cha mdoli, akaona hakiinuki.

"Mwalimu, turudie bila makofi," alisema.

"We Zubeda, makofi imekukosea nini?"

"Mi nataka kusikia."

Lubna akarudia. Katika ule ukimya tukasikia, fsss, hewa ikitoroka kando ya barakoa. Mwalimu akacheka, akamwita Zubeda aje awaonyeshe vijana. Zubeda akashika barakoa vilevile alivyofundishwa na mzee huyo, akaminya.

Fsss.

Alibaki ameinama pale, barakoa mkononi. Watoto waliopita kimya, wale waliomfia mikononi, mama zao wote aliwaambia ni kadari ya Mungu. Sijawahi kumwonea mtu huruma kama siku ile, na nilijionea haya mwenyewe.

"Mama Zubeda," mwalimu akanong'ona, akimsogezea fomu ya kutia sahihi, "weka tu sinyatiri. Huyu mutoto Lubna atapoteza kazi."

Lubna alikuwa anaangalia sakafu. Zubeda alimtazama, na safari hii hakuwa mbali hata kidogo. Akaandika kwenye fomu: mafunzo hayafai, yarudiwe. Chini palikuwa na nafasi ya majina ya watakaorudia. La kwanza akaandika lake. La pili la Lubna.

Kisha akamsogezea mwalimu kalamu, kwenye mstari wa tatu.