Fungu la Yasinta

Mkuu wa shule, Mwalimu Asnath, alimwita Jabiri ofisini siku ya Jumatano, saa nne, walimu wengine walipokuwa wakinywa chai. Faili lake lilikuwa wazi mezani.

"Umetuficha, Mwalimu," alisema. "Miaka kumi na mitatu uko hapa Korogwe unafundisha Historia, kumbe chuo kikuu ulisoma na Fasihi ya Kiingereza."

"Lilikuwa somo dogo tu, Mkuu."

"Dogo si sifuri."

Mwalimu wa Fasihi alikuwa amehamia Dodoma kumfuata mumewe. Wanafunzi kumi na wanne wa kidato cha tatu walikuwa wamebaki bila mtu. Asnath akasema wazi: ikifika Jumatatu hana jina la mwalimu, somo linafutwa kwenye ratiba, na watoto wale kumi na wanne watapangiwa somo jingine, waanze upya mwaka umeshafika nusu. Kisha akasukuma kitabu mezani. "Wamefika kwenye riwaya hii. Unaijua?"

Jalada lilikuwa jipya, lakini Jabiri alilijua jina lile kama mtu anavyolijua jina la mtaa aliowahi kuishi.

"Naijua," alisema. Alipofika mlangoni akageuka. "Nipe mpaka Jumatatu, Mkuu."

Hakuwa amesema uongo, wala hakuwa amesema kweli yote. Riwaya ile aliijua robo tatu. Robo moja aliisoma kwa macho yake, robo mbili alisimuliwa. Robo ya mwisho hakuijua kabisa, na sababu yake ilikuwa ya miaka ishirini.

Mwaka 2004, akiwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, Jabiri alikuwa kijana mwembamba kutoka Mazingara, wilaya ya Handeni, mwenye mashati mawili na kalamu ya wino aliyoitunza kuliko mashati. Historia ndiyo iliyompeleka chuo. Fasihi ya Kiingereza aliichagua kuwa somo dogo kwa kuwa alipopita nje ya darasa lile wiki ya kwanza alimsikia mhadhiri, mama mmoja mtu mzima, akisoma hadithi kwa sauti, na wanafunzi wote kimya. Alisimama dirishani mpaka mwisho. Hakuwa ameelewa hata nusu, lakini sauti ile ilimkumbusha kwao, bibi yake alipokuwa akisimulia na mtu mmoja akichaguliwa kuitikia kila sentensi ili msimulizi asijione yuko peke yake.

Darasa lilikuwa na wanafunzi sitini. Nakala za riwaya maktaba zilikuwa mbili, na kila moja iliazimwa kwa siku moja tu, kwa saini. Hapo ndipo wanne wao walipobuni utaratibu wao: Castory, aliyezaliwa kambi ya mkonge ya hapa Korogwe, Shukuru wa Magoma, Yasinta wa Dindira, milimani kwenye chai, na Jabiri. Wote watu wa Tanga, wote wa somo dogo. Waliigawa riwaya mafungu manne. Kila mmoja anasoma fungu lake, halafu Jumamosi wanakaa kwenye ngazi za nyuma ya bweni, anawasimulia wenzake. Jabiri ndiye aliyeleta sharti: mtu asiguse fungu la mwenzake.

Sharti hilo alilitoa kwao. Mazingara, mbuzi akichinjwa, nyama hugawanywa kwa majina, na fungu la mjomba haliliwi hata mjomba akiwa safarini. Linawekwa juu ya moshi, linakauka, linamsubiri. Jabiri aliwahi kumwona mjomba wake akikuta fungu lake baada ya miezi minne, gumu kama kiatu, akalila lote kwa heshima.

"Wazigua mna taabu," Yasinta alisema siku ile. "Sisi Wasambaa asiyekuwepo tunamlia, akija tunampa pole."

"Ndiyo maana hamshuki kuja kwetu. Mnadhani na sisi tumeshawalia fungu lenu."

Riwaya yenyewe ilikuwa ya mjane mmoja wa Kiingereza aliyetoka kwa miguu, wakati wa baridi, kumtafuta mwanawe aliyekwenda migodini akaacha kuandika barua. Castory alisimulia alivyoondoka. Shukuru akasimulia njia. Jabiri akamfikisha kwenye daraja, mto umefurika, mlinzi wa daraja anamkatalia kupita. Hapo ndipo fungu lake lilipokoma. Yasinta aliitikia kila sentensi, "enhe," "enhe," na Jabiri alipomaliza akasema, "Sasa Mzigua, nenda kalale na wasiwasi wako. Mama yako nitamvusha mimi Jumamosi ijayo."

Jumamosi haikufika. Alhamisi Yasinta alichukua kitabu, kwa saini ya Jabiri. Ijumaa alfajiri baba yake mdogo alimfuata bwenini: mzee amefariki. Aliondoka na mkoba mmoja, na kitabu kilikuwa ndani ya mkoba.

Watatu waliobaki walikaa kwenye ngazi siku ile. Shukuru akauliza kama si vizuri wakachangishana nauli, wakaenda kuhani. Jabiri akasema mtu aliyefiwa hasumbuliwi kwa mambo ya kitabu. Akiona wametokea atadhani wamekuja kukidai. Fungu lake lipo, tumsubiri. Ilionekana ni adabu. Wakasubiri wiki, wakasubiri mwezi, wakafanya mtihani, na Yasinta hakurudi chuo tena.

Maktaba ilimfungia Jabiri kuazima hadi amalize chuo. Walimwuliza kitabu kiko kwa nani, akasema kimepotea. Tangu hapo Castory na Shukuru walimsomea kwa sauti, kitabu baada ya kitabu, yeye akiitikia. Somo lake dogo alilimaliza kwa masikio. Hata leo, akipita mahali mtu anasoma kwa sauti, hupunguza mwendo, na harufu ya sabuni ya nguo zilizokuwa zikifuliwa kwenye ngazi zile humrudia puani.

Jumatano ile alibeba kitabu cha Mkuu nyumbani. Alhamisi na Ijumaa jioni alisoma kibarazani, kwa mara ya kwanza kwa macho yake, fungu la Castory na la Shukuru. Alikuta Castory aliongeza mbwa ambaye hayumo kabisa. Alisoma na la kwake. Alipomfikisha mjane darajani, akafunga kitabu.

Mkewe Mashavu alikuwa akichambua mchele. "Mbona umesimama? Kurasa zimebaki nyingi hizo."

"Zilizobaki si zangu."

Akamweleza. Mashavu alimsikiliza mpaka mwisho, mkono ndani ya ungo.

"Kwa hiyo kitabu kiko mapajani pako," alisema, "na wewe unataka kupanda mlima kukifuata."

"Kusoma naweza. Nikimaliza nitasimama mbele ya wale watoto niwafundishe habari za mtu aliyetoka kwa miguu kumtafuta mwenzake. Mimi kwa Yasinta sijatoka hata kwa gari."

Mashavu akapepeta mara mbili. Naye ni Mzigua, hakuhitaji kuelezwa zaidi. "Nyama ya miaka ishirini," akasema. "Nenda, ila usiende mikono mitupu. Mtu alifiwa."

Jumamosi alipanda gari la asubuhi, kisha pikipiki, na kilo tano za mchele wa Korogwe na vitenge viwili. Ukungu ulikuwa haujatoka kwenye chai. Alimwulizia Yasinta mara mbili tu. Mara ya pili aliyeulizwa alikuwa Yasinta mwenyewe, anatoka shambani, tenga mgongoni, kitambaa kichwani kimelowa.

Alitua tenga, akamtazama.

"Mzigua," alisema. "Umepotea njia au kwenu mvua imekataa kabisa?"

"Imekataa. Nimefuata ya kwenu."

"Karibu ndani. Vua viatu, usiniletee vumbi la Handeni."

Ndani aliweka mchele na vitenge mezani, akasema, "Pole na msiba wa mzee." Yasinta alikuwa akitia kuni. Mkono wake ukabaki mdomoni mwa jiko.

"Nimeshapoa," alisema baadaye. "Lakini asante."

Alileta ndizi na maharage, wakala. Aliuliza habari za Castory na Shukuru. Aliuliza kama kazi ya ualimu inalipa, wakacheka wote. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye nailoni, na ndani ya nailoni khanga, na ndani ya khanga kile kitabu. Mhuri wa maktaba ulikuwa bado wa zambarau.

"Mwezi wa kwanza kilikaa pale," alisema, akionyesha kona ya meza. "Gari likilia kule chini, nasema hao, wamekuja. Nakipangusa vumbi. Mama aliniuliza, kitabu hiki unakipangusia nani? Nikamwambia, kuna wenzangu watatu."

"Tulikuwa tunakusubiri wewe."

"Mimi nilikuwa nawasubiri nyie."

 Jabiri akatazama mikono yake.

"Mimi ndiye niliyewazuia," alisema. "Shukuru alitaka kuja. Nikasema ni adabu kukuacha."

"Adabu ya mjomba na nyama yake."

"Hiyohiyo."

"Mjomba alikuwa safarini, Jabiri. Mimi nilikuwa msibani." Hakupandisha sauti. Alimimina chai, akamsogezea kikombe. "Labda mngekuja ningerudi chuo. Labda nisingerudi, mama alikuwa ameshaanza kuugua, na wadogo zangu walikuwa wanne. Hilo halijulikani tena. Kunywa."

Akanywa. Chai ilikuwa nzito, ya majani ya hapohapo. Baadaye Yasinta akauliza kama maktaba walimsamehe. Jabiri akamwambia kuhusu kufungiwa.

"Miaka yote miwili? Na hukunitaja?"

"Ningekutajaje? Ulikuwa matangani."

Yasinta akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Mtu huyu. Kunitaja hakunitaja, kuja hakuja." Akakaa sawasawa, akaweka mikono magotini. "Haya, itikia."

"Enhe."

"Mjane yuko darajani."

"Enhe."

"Mto umejaa, na mlinzi ni mtu mwenye roho ya jiwe."

Alisimulia kwa saa nzima, kwa Kiswahili, na mahali pengine kwa Kisambaa akijisahau. Alisimulia kama mtu aliyekwisha kusimulia mara nyingi, na alikiri hivyo: aliwalea wadogo zake na wanawe watatu kwa hadithi ile. Mjane aliuvuka mto kwa magogo yaliyofungwa kamba. Akamkuta mwanawe mlangoni pa mgodi, uso mweusi kwa vumbi, na mtoto hakumtambua mama mpaka alipomwita kwa jina la utotoni. Jabiri aliitikia mpaka sauti ikamkauka.

"Ila sikufichi," Yasinta alisema. "Nimeisimulia mno. Watoto walikuwa wakilia nisipomvusha. Siku hizi sijui kipi cha kitabu na kipi changu. Kachunguze mwenyewe, fungu nimeshakukabidhi."

Akamfungia kitabu kwenye nailoni bila khanga. Khanga alibaki nayo. "Kirudishe ulikosaini," alisema. "Na Castory mwambie naye aje. Asije na mbwa."

"Unajua habari ya mbwa?"

"Nilisoma kitabu kizima, Mzigua. Nilikuwa na muda."

Jabiri alisoma fungu la mwisho Jumapili, kibarazani, katika nakala ile ya mhuri wa zambarau. Mjane wa kitabu havuki. Maji yanakawia kupungua, naye anakaa nyumbani kwa mlinzi, anawapikia wanaosubiri, na kitabu kinaishia akiwa ameshika mwiko, anatazama ng'ambo. Alisoma ukurasa ule mara mbili, kisha akampa Mashavu habari zote mbili. Mashavu alisema ya Yasinta ndiyo nzuri. Jabiri alisema ya kitabu ndiyo ya kweli, kisha akakifunga kitabu, kwa kuwa akilini alimwona Yasinta akikipangusa vumbi, akisubiri gari.

Jumatatu alimwambia Mkuu, "Andika jina langu."

"Kitabu unakiweza?"

"Juzi nilikuwa sijakimaliza. Sasa nimekimaliza."

Asnath alimtazama juu ya miwani, akaandika.

Nakala za shule zilikuwa tatu. Jabiri akaongeza ya nne, ya maktaba, baada ya kuandika barua ya kuomba radhi na kuahidi kuirudisha mwisho wa muhula. Kwa kitabu kilichochelewa miaka ishirini, aliona miezi mitatu haitamvunjia mtu mguu. Akawagawa wanafunzi kumi na wanne katika makundi manne, akawaeleza habari ya mafungu, na ya mwitikiaji. Walicheka, kisha wakaanza kugombea nani aitikie.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, Maryamu, alinyoosha mkono. "Mwalimu, mwenye fungu la mwisho asipofika je? Tumsubiri?"

Darasa likamtazama. Jabiri alikuwa ameshika kile kitabu cha zamani, kidole kikiwa kwenye ukurasa wa daraja.

"Hapana," alisema. "Mnauliza kwao ni wapi, mnaondoka siku hiyohiyo."

"Na kitabu?"

"Kitabu mtakikuta hukohuko."

Akampa fungu la kwanza, akakaa kwenye kiti cha nyuma kusikiliza.