Vanila ya Fernando kwenye Jua la Kilambo

"Mama Nasma, usipite tena na mtoto pale kwa bibi Ilda," Hadija alisema bombani, ndoo yake haijajaa hata nusu. "Yule ana maiti ya kichanga. Asubuhi anaitoa imefungwa blanketi, anailaza juani. Jioni anaikumbatia, anaingia nayo ndani."

"Umeiona?"

"Blanketi nimeliona. La ndani nikalitazame, nina wazimu?"

Wanawake wakacheka, ila si sana. Hawa, mama Nasma, akajitwisha ndoo yake, mtoto mgongoni akinyonya kidole. Mumewe aliendesha bajaji Mtwara mjini na nyumbani alifika mara moja moja, kwa hiyo Hawa alikuwa na siku ndefu za kutazama mambo. Naye aliwahi kuona kitu ambacho Hadija hakukisema: bibi Ilda, kabla ya kuingia ndani, alikiinamia kile kifurushi akakinusa. Hivyo ndivyo Hawa mwenyewe alivyonusa utosi wa Nasma kila akimtoa kwenye beseni.

Akatua ndoo nyumbani, akarudi njia ileile, akapiga hodi.

Bibi Ilda alikuwa upenuni, peke yake kwenye mkeka. Kulikuwa na kiti kimoja tu, nacho kimegeuzwa miguu juu na kuegemezwa ukutani, buibui wameshajenga kati ya miguu yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuona maiti?"

Hawa akakosa pa kuuweka uso.

"Keti, mwanangu. Wenzio huchungulia uani wakakimbia. Wewe umebisha."

Akaburuta kifurushi kutoka juani, akalifungua lile blanketi la kijivu. Ndani mlilala maganda membamba, marefu, rangi ya kahawa, yenye joto.

"Vanila," alisema. "Unayachovya kwenye maji ya moto, unayafunga, unayaanika mchana yatoke jasho, usiku yanalala ndani. Ndiyo maiti yangu hiyo."

Vanila ilikuwa ya Fernando, marehemu mumewe. Alifanya kibarua miaka mingi kwenye shamba moja Bukoba, akarudi na vipande vya mche ndani ya gunia bichi, akavipandisha kwenye mibono nyuma ya nyumba. Kila jioni alimweleza mkewe namna ya kuchavusha ua kwa mwiba, namna ya kuchuma, namna ya kuanika. Mche ukatambaa, lakini Fernando akafa kabla haujatoa hata ua moja. Wanawe wako ng'ambo ya mto Ruvuma, wana maisha yao. Mkewe akabaki na mche na maneno.

Bibi Ilda akaingia ndani, akatoka na kichupa. "Nusa. Hili alikuja nalo kutoka Bukoba."

Ganda lilikuwa laini, linang'aa mafuta. Lilinukia maziwa yaliyochemka na udongo uliotoka kunyeshewa.

"Sasa hili. Langu, la mwaka jana."

Lilikuwa kavu, likavunjika kidogo mkononi mwa Hawa. Harufu yake ilikuwa ya moshi na ukwaju wa zamani. Ilikuwepo, ila mbali, kama mtu anayeitika akiwa chumba cha pili.

"Mnunuzi alinusa, akaniambia, bibi, hizi kuni," alisema bibi Ilda. "Fernando alikuwa anasema mche ni mmoja, lakini ukipandwa Komoro unanukia vyake, na Bukoba vyake. Nikadhani na huku Kilambo utakuwa na vyake. Kumbe huku haupataki. Nimechuma fungu hili tu. Likitoka kuni tena, nang'oa mche wote."

Alisema "nang'oa" huku akilaza ganda moja taratibu, asilikunje.

Hawa akaweka kiganja juu ya blanketi, kama anayepima homa ya mtoto, akakiondoa haraka.

"Bibi, linaunguza hili! Unaliacha juani mpaka saa ngapi?"

"Mpaka kivuli cha nyumba kiguse mbono ule. Alinionyesha mwenyewe, aliposimama pale."

"Alisemea jua la wapi?"

Bibi Ilda akautazama mbono.

"Mimi Nasma namwotesha jua la asubuhi tu," Hawa alisema polepole. "Nikingoja kivuli kifike pale, si atachubuka? Huko Bukoba wanasema kuna ziwa, mvua haziishi. Labda jua lao halichomi hivi."

"Lina mawingu," alisema bibi Ilda. "Alikuwa akililalamikia. Kila siku koti."

Mkono wake ukalilalia blanketi. Nasma akajinyoosha akashika pindo, akalipeleka mdomoni, na bibi hakumzuia.

"Mwaka jana nilijua yanakauka," alisema mwishowe. "Mkono ulijua. Lakini kuyatoa mapema ni kumbishia, na yeye hana tena mdomo wa kunijibu."

Akainuka, akakigeuza kile kiti, akafuta buibui kwa upindo wa kanga, akakiweka karibu na mkeka.

"Njoo kesho na huyu mtoto, ukae hapa. Ukiona jua limetosha, niambie wewe, 'Bibi, toa.' Mimi peke yangu nitakingoja kivuli."