Dawa Mahali pa Maji

Nakumbuka asubuhi moja kule Getanuwas, mwanangu, nilipoajiriwa kuendesha kompyuta ya josho la kunyunyizia mifugo dawa ya kupe. Nilikuwa binti mgeni, nimetoka kwetu Maretadu, na ng'ombe wa watu walikuwa wamejaa zizini wakisukumana.

Kompyuta ile haikuwa na vitufe vya rangi kama simu yako. Ilikuwa skrini nyeusi tu. Unaandika jina la programu, kisha unaieleza: dawa makopo mangapi, maji lita ngapi. Ukimaliza, pampu inavuta dawa kutoka kwenye pipa lake na kuichanganya na maji kwenye tangi. Palikuwa na programu mbili. Ile ya zamani ilipokea chochote. Ile mpya iliandikwa na mkubwa wangu wa kazi, kaka Fabiano, kwa lugha ya kompyuta ambayo kila kitu kina aina yake. Kopo ni kopo, lita ni lita, na kimoja hakiwezi kukaa kwenye nafasi ya kingine. Mimi, kusema kweli, niliiona ina maringo.

Mwenyekiti wa wafugaji alinitajia vipimo huku akiangalia jua. Niliandika kwenye ile mpya, nikabonyeza. Ikakataa. Nikabonyeza tena, ikakataa. Nyuma yangu wazee walianza kunung'unika kwamba kupe hawasubiri mashine, na ng'ombe wa kwanza, jike jekundu la mzee Gidamuhale, alikuwa ameshaingia kwenye njia ya josho. Jasho lilinitoka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, lakini siku ile vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa ulimi.

Nikampigia simu kaka Fabiano, nikamwomba ruhusa nitumie ile ya zamani. Hakunifokea.

"Unajua kwa nini mpya imekataa?" aliuliza.

"Sijui, kaka."

"Basi hujui pia kwa nini ya zamani itakubali."

Mtandao ukakatika. Nilirudi kwenye skrini, nikasoma kwa mara ya kwanza maneno yaliyokuwa pale muda wote: *Dawa hupimwa kwa kopo. Nimepewa lita. Pampu haijafunguliwa.*

Mwenyekiti alikuwa ameanza kutaja maji, mimi nikaziandika lita zake kwenye nafasi ya dawa. Ile ya zamani ingesoma namba peke yake na kulitupa neno lita. Pampu ingevuta hadi pipa la dawa likauke, na maji yangekuwa machache, ya kunawia mikono tu. Nilimtazama yule ng'ombe mwekundu akilamba ukuta, nikaona akilini kundi lote limelala chini, limekufa.

Nilirekebisha. Pampu ikaanza. Lakini hofu haikuondoka, mwanangu. Kila ng'ombe aliyetoka nilimfuata, nikimtazama macho na pua, hadi mzee Gidamuhale akanijia. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akauliza mbona nawaangalia ng'ombe wake kama mtu aliyefiwa. Nikamweleza yote, nikingoja anilaani.

Aliegemea fimbo yake. Kisha akasema, "Hofu hiyo usiitupe, binti. Mchungaji asiyeogopa fisi hakai na ng'ombe muda mrefu."

Wale ng'ombe walipona wote. Mimi nilikaa wiki nzima nikishtuka kila nikisikia mtu anabisha hodi, nikidhani amekuja na habari ya kifo. Na hadi leo, na mvi hizi, nikiandika amri mkono husita kidogo kabla ya kubonyeza. Sioni aibu.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayejifunza kazi hii ya kuandika programu. Maneno ya watu yakaguliwe mlangoni, kabla programu haijagusa kitu. Namba isiyo na jina la kipimo usiipokee, na ukishaipokea isibadilike aina humo ndani. Programu yako ikikataa, iseme kwa nini, kwa lugha ambayo mtu aliyebanwa na watu ataielewa. Nawe ikikukatalia, soma. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kutafuta mlango mwingine usio na mlinzi.

Mungu ailinde mikono yako, mwanangu. Kazi yako isimdhuru mtu wala mnyama wake. Na siku watu watakapokuzunguka wakikuambia harakisha, akupe moyo wa kuwajibu kwa adabu: bado.